Ganda la Mgunga, Vyumba Vitano

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Wanaonijua hapa Geita watakwambia kwamba kujisifu nako ninakuweza, na ni kweli, lakini hili silisemi kwa sifa. Nimeona mtu akitoka shimoni asubuhi na jiwe la kumtajirisha, jioni yake hana hata kandambili. Nimesimamishwa barabarani na askari wa bandia nikawagundua kwa soksi zao. Nimenunua dhahabu ya kweli kwa mtu aliyekuja kunitapeli, mwenyewe akidhani ni shaba. Darasa la nne sikulimaliza, na leo nina duka la kununua dhahabu lenye kiyoyozi, nina nyumba ya vigae, nina magari mawili, na vijana wenye shahada wananipa shikamoo wakiomba kazi ya kushika mizani. Kwa hiyo simu ilipoita siku ile na sauti ya mwanamke ikasema, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwetu, nilijibu, "Mhola," huku macho yangu yakiwa kwenye mzigo wa mteja.

"Tajiri, hunikumbuki," akasema.

"Wanaoanza hivyo huwa wanataka mkopo."

"Mimi nataka dakika tano tu. Mimi ni binti wa sonara."

Nikazima mizani. Yule mteja alinitazama, maana hajawahi kuniona nikizima mizani kabla ya saa kumi na moja.

Rafiki yangu, kama hujakaa Kishapu wakati wa kiangazi sijui nikuelezeje. Kijiji chetu kiko upande wa Songwa, si mbali na uzio wa mgodi wa almasi. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, ambao mvua ikikata unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Mashina ya pamba yanang'olewa na kuchomwa, na moshi wake unakaa kwenye nguo mwezi mzima. Alfajiri nilikuwa nasikia jiwe la bibi likisaga mtama kabla sijasikia jogoo. Maji tuliyafukua kwenye mchanga wa mto uliokauka, unachimba kwa kibuyu, unasubiri yajikusanye, unachota kidogo kidogo huku nyuki wanakugombania. Ukirudi unakuta michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa, imechemshwa na karanga, na jioni ugali wa mtama na nsansa, mboga ya majani ya kunde ya kukausha, yenye uchungu fulani ambao sasa hivi hata nikimtuma dereva sokoni na pesa nyingi haniletei. Anayoniletea ni majani tu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ya sonara. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka upande wa Tabora akiwa kijana, Mwislamu, kofia yake imepauka, na Kisukuma chake kilituchekesha watoto. Huko alikotoka alikuwa anatengeneza vitu ambavyo kila sonara anatengeneza, hereni za maua, mikufu, pete zenye moyo. Alipofika kwetu akaviacha. Alikuwa anasema, "Maua hayo mimi siyaoni huku. Nitengeneze ninachokiona." Alichokiona ni nini sasa? Kikaka cha pamba kilichobaki baada ya kuchumwa, na meno yake manne makavu. Mguu wa panzi. Mwiba wa mgunga, miwili miwili inavyoota, ukawa hereni. Alitengeneza pete iliyopasuka kama mbuga ya mwezi wa tisa, ukiitazama unasikia kiu. Wala hakuviosha vikang'aa. Weusi wa moto aliuacha ndani kwenye mabonde, akasugua kingo tu kwa mchanga na kiganja. Wanawake mwanzoni walimuuliza, "Mbona hujamaliza?" Baadaye ikawa mwanamke haendi mnadani bila kitu cha sonara shingoni. Mwalimu wetu alituambia darasani kwamba kazi ya yule mzee ni ya kisasa kuliko ya mjini, kwamba nchi nyingine watu wanalipa kiingilio ili waangalie vitu kama vile ndani ya kabati la kioo. Tulidhani amekunywa, kwa sababu mara nyingi alikuwa amekunywa.

Namna yake ya kazi nataka uielewe, maana ndiyo iliyoniangusha. Hakuchonga kitu akaiga ganda la mti. Alichukua ganda lenyewe. Alilipaka uji mwepesi wa udongo wa kichuguu, likikauka anaongeza, mwisho anapaka udongo mzito uliokandwa na mavi ya ng'ombe, mpaka likawa donge kama kiazi. Kwenye donge aliacha mlango mmoja mdogo. Donge likaingia motoni kutwa nzima, ganda lililo ndani likaungua, akapuliza majivu yakatoka, pakabaki nafasi yenye umbo lake. Hapo ndipo alipoyeyusha fedha akaimimina mlangoni, ikaenda kukaa pale ganda lilipokuwa. Kisha akavunja udongo. Kwa hiyo kila alichotengeneza kilikuwa kimoja tu duniani. Ganda limeungua, udongo umevunjika, hakuna cha kurudia.

Ugumu wote uko kwenye ule mlango. Fedha inapoa upesi. Ukimimina kutokea upande usiofaa inaganda njiani, ukivunja udongo unakuta nusu panzi. Masonara wengine waliokuja kumwiga walipata nusu panzi mpaka wakakata tamaa. Yeye alijua kila umbo linataka kuingiliwa wapi.

Na hakupachika jiwe hata siku moja. Kwetu jiwe linalong'aa lilikuwa ni kesi. Ukiokota kipande cha chupa kikawaka juani, mama anakuzaba kofi na kukitupa chooni, kwa sababu ya jirani zetu wa uzio, wasije wakasema ni almasi yao. Sonara anayekaa pale angethubutu vipi kupachika jiwe, hata la kioo? Alichofanya, aliacha nafasi. Maganda yake yalikuwa wazi, na vyumba vya mbegu vitupu. Siku moja mgambo wa kijiji akaja uani kwake, akashika kidani cha mtu, akakiinua juani.

"Mawe yako wapi?"

"Hayajawahi kuwepo."

"Sasa haya mashimo ni ya nini?"

"Ya mbegu."

"Na mbegu ziko wapi?"

"Zimeanguka, mwanangu. Ganda likikauka kazi yake ndiyo hiyo."

Mgambo akachokoa shimo moja moja kwa njiti ya kiberiti, akaondoka na masizi kwenye kucha. Tulimwita Mchokoaji mpaka akahama.

Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na sarafu saba za fedha, za enzi za wakoloni, ambazo babu alizileta kutoka alikokwenda kufanya kazi ujanani. Zilikaa chini ya mtungi wa maji miaka yote. Mwaka mmoja pamba ikatoka vizuri, bibi akazifukua akasema, "Nimechoka kuzificha. Sasa nazivaa." Akazipeleka kwa sonara, na pamoja nazo ganda la mgunga aliloliokota mwenyewe, lile ganda lililobanwa-banwa kama shanga zilizoshikana. Lilikuwa na vyumba vitano.

Sonara alikuwa na sharti. Siku ya kumimina mwenye fedha lazima awepo, na aje na shahidi wake, ili kesho asitokee mtu wa kusema sarafu zimeliwa. Bibi macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Akanichagua mimi, nikiwa na miaka kama tisa. Njiani akaniambia, "Wewe una macho makali. Usiyatoe kwenye fedha."

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Binti wa sonara, rika langu, alikuwa anatumwa maji kila siku ya kumimina, baba yake hakutaka mtoto wake karibu na moto. Alipita na ndoo yake akanitolea ulimi. Mimi nikakaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Bibi alikuwa kwenye kigoda anatafuna michembe, taratibu, upande wenye meno. Nasikia harufu ya makaa, ya mavi ya ng'ombe yanayoungua, ya kofia ya sonara yenye jasho. Nasikia njiwa juu ya ghala. Nikahesabu sarafu zikiingia kijunguni, saba. Nikamwona mfalme aliyechorwa kwenye ile ya juu akilegea shavu, akayeyuka. Sonara akasema bismillahi, akainua kijungu kwa koleo, akamimina. Na mimi, shahidi, nikabaki na macho kwenye kijungu, nione kama hajaacha kitu chini. Alikuwa ameacha kipande kama punje ya kunde. Nikakidai. Akacheka, akampa bibi. Nilipoinua macho, donge lilikuwa limelala ubavu kwenye mchanga, linatoa moshi.

"Umeziona zote?" bibi akauliza.

"Zote."

Sonara akasema, "Huyu atakuwa mtu wa mizani." Hakuna cheti nilichopata maishani kinachozidi hicho. Akavunja udongo kwa kigongo, na ndani yake likatoka ganda la mgunga, la fedha, jeusi mabondeni, jepesi, limefunguka upande mmoja kana kwamba lilikauka jana, na vyumba vyake vitano vitupu.

Nilikiona kizuri siku mbili. Ya tatu watoto wakaanza kunicheka mtoni: "Kidani cha bibi yako kimeibwa mawe." Nikapigana na wawili, nikapigwa na wa tatu. Nikarudi nikamwambia bibi kwamba nikiwa tajiri nitayajaza yale mashimo dhahabu, yote matano. Akasema, "Yaache. Shingo yangu inapenda upepo." Nikaona ni maneno ya mtu asiye na dhahabu.

Sasa nikwambie nilivyotajirika, na hapa hutasikia uongo. Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa mizani ya mkononi na kopo la bati. Nikiwa kijana, miaka ya njaa, mtama umekauka na ng'ombe wamebaki mifupa, nilizunguka vijiji vya Kishapu kwa baiskeli nikinunua fedha za wanawake. Walileta vikaka vya pamba, walileta miiba, walileta miguu ya panzi. Mimi sikuviangalia. Mnunuzi anayeangalia umbo anakula hasara, unaangalia uzito. Nilivipiga nyundo pale pale uani vikawa bapa, ili viingie koponi vingi, nikavipeleka Mwanza vikayeyushwa. Sikumpunja mtu hata gramu moja, nenda kaulize. Siku moja nikampita sonara mwenyewe kwenye kizingiti chake, kopo linalia mgongoni. Akauliza, "Vina uzito?" Nikasema, "Vina uzito mzuri, mzee wangu." Akasema, "Alhamdulillahi," akaingia ndani. Bibi naye kila nikirudi na ile mizani alikuwa anakifunga kidani chake kwenye pindo la khanga. Nilidhani ni uzee.

Sonara akafa. Bibi akaja kufa miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nina duka, na kabla ya kufa akanifungulia lile pindo. "Sasa umeshiba," akasema. "Kaa nacho." Nikakiweka kwenye sefu, na nakwambia, kila nilipofungua sefu asubuhi nilikiona kabla ya pesa.

Hicho ndicho binti wa sonara alichokipigia simu. Aliolewa mapema, mbali, kabla baba yake hajamfundisha kumimina. Udongo aliujua, moto aliujua, alikua ndani yake. Sasa mume amefariki, watoto wamekua, amerudi kwenye uwanja wa baba yake na kuwasha tena makaa.

"Nimejaribu ganda la mgunga mara sita," akasema. "Fedha inaganda chumba cha tatu. Mara zote sita, cha tatu. Baba alimimina kutokea mahali ambapo mimi sipajui. Mlango wake unaacha kovu dogo, hakuwa analisugua. Nikilishika ganda lake moja tu, nitaliona."

"Kwani hakuna kwingine?"

"Nimezunguka vijiji vyote, Tajiri. Kila nyumba wananiambia walikuuzia wewe."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa mnunuzi mkubwa.

"Basi kimebaki cha bibi yako. Nisipokiona hicho, kazi ya baba imeishia kwake, na mimi nirudi kuuza nyanya."

"Njoo Jumamosi ya wiki ijayo," nikamwambia. "Utakikuta kinawaka."

"Hata usikisafishe. Kiache kilivyo."

Nilicheka. Maskini ana aibu zake, nikasema moyoni, hataki kunisumbua. Nikaona namna atakavyokaa kwenye kochi langu la ngozi, atakavyoletewa soda, na mimi nitakavyofungua kisanduku, na ndani yake kazi ya baba yake imekamilika hatimaye, mbegu tano za dhahabu safi ya Geita, kutoka mkononi kwa yule mtoto wa juu ya kinu. Nilitaka alie machozi ya furaha. Sijui kama unanielewa. Sikuwa na nia mbaya hata punje.

Nikakipeleka kwanza kwa kijana mmoja mwenye duka la mikufu mjini. Akakigeuza, akakirudisha mezani. "Bosi, hiki mimi sikipeleki motoni. Ni chembamba kama karatasi." Nikamuuliza ana miaka mingapi kwenye kazi. Akasema mitano. Nikamwambia mimi nachoma dhahabu tangu mama yake hajaolewa.

Nikafanya mwenyewe, dukani, Alhamisi mchana, milango imefungwa. Nikakilaza kwenye tofali la moto. Nikakipasha kwanza, kwa sababu dhahabu ikimwagwa kwenye kitu baridi haishiki. Nikayeyusha dhahabu yangu kijunguni, gramu kumi na moja, ikawa nzuri, inacheza kama yai. Tone la kwanza likakaa. La pili likakaa. Nikasema, bibi, unaona? La tatu nikalimimina, na fedha haikusubiri. Dhahabu ya moto ikikutana na fedha inaila, hilo ninalijua, hilo ninawafundisha vijana wangu kila siku. Ganda likajikunja kama jani lililopita karibu na mshumaa. Nilipofunga gesi palikuwa na donge moja juu ya tofali, la rangi ya manjano iliyopauka, mviringo, zuri kabisa kwa kupima.

Sikumpigia simu kumzuia. Kila nilipoishika simu nilisema nitapiga baada ya chai, na baada ya chai nikasema jioni.

Jumamosi akaja. Mikono yake ina makovu ya moto, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, khanga safi, na kopo la majani ya chai kifuani. Hakukaa kwenye kochi. Alifungua kopo akapanga mezani maganda yake sita, yote mazuri mpaka katikati, yote yameishia chumba cha tatu kama vidole vilivyokatwa. "Haya," akasema, "toa cha mzee tuvilinganishe."

Nikaweka donge mezani.

Alilitazama kwa muda. Akaniangalia mimi, akaliangalia tena.

"Hiki ni nini?"

"Ndicho."

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alilichukua akaligeuza polepole, akipapasa kwa ukucha, anatafuta kovu la mlango kwenye kitu kisicho na upande. Halafu akauliza, kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi mwenzake:

"Kilipoanza kulegea, kililegea kutokea wapi? Fikiri vizuri. Penye mlango huwa pananenepa kidogo, panachelewa kuyeyuka. Mahali gani palichelewa?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimesimama juu yake, shibiri moja kutoka machoni, taa kubwa imewaka.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa naangalia dhahabu."

Akalirudisha donge mezani.

"Na siku ile baba alipokimimina? Ulikuwepo. Mimi nilitumwa maji, wewe ulikuwepo. Ulikuwa juu ya kinu. Aliingizia kwenye kikonyo au kwenye ncha? Au ubavuni?"

Nikamwambia yote haya niliyokwambia wewe. Michembe, njiwa, kofia, mfalme aliyelegea shavu. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, akitikisa kichwa, kama mtu anayefuata njia gizani kwa kushika ukuta. Nilipofika kwenye kumimina nikakwama. Nikarudia tangu mwanzo, nikidhani nikiingia kwa kasi nitavuka. Nikakwama pale pale. Naliona koleo, naona kijungu kinainama, naiona ile punje ya kunde iliyobaki chini. Donge silioni. Ni kama mtu amelikata kwenye picha. Nilikuwa mtoto mwaminifu, nilifanya nilichotumwa, sikuyatoa macho yangu kwenye fedha.

"Basi," akasema.

Tangu siku ile nakaa dukani kiyoyozi kinaunguruma na mimi niko kule. Nimekumbuka vitu ambavyo sikujua ninavyo. Nimekumbuka jina la mbuzi wa sonara, nimekumbuka kwamba kigoda cha bibi kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nimekumbuka ndoo ya yule binti ilikuwa na kiraka cha lami. Nimekwenda hata kijijini kukaa pale pale. Kinu hakipo, ghala halipo, mgunga ulikatwa ukawa mkaa, na watu niliowauliza wananipa shikamoo kisha wananiomba hela. Waliokuwa na miaka ya kujua wamekufa, na walichokivaa nilikipiga nyundo mimi. Siku hizi wanawake wetu wanavaa mikufu ya kuchovya kutoka madukani, inang'aa wiki tatu. Makaa ya sonara yamezimika. Nimesikia binti anauza nyanya mnadani, na anauza vizuri.

Siku ile alipokuwa anayarudisha maganda yake koponi, nilifungua droo nikatoa bahasha. Nilikuwa nimeiandaa tangu Alhamisi, nene, sikuwa hata nimeihesabu, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Nikaiweka mbele yake. Nikasema ni kwa usumbufu. Akaisukuma kwa nyuma ya mkono, bila hasira, namna unavyosogeza sahani ukiwa umeshiba.

"Na hili donge chukua," nikamwambia. "Lina dhahabu ndani."

"Nitalifanyia nini?"

"Chukua chochote basi, dada yangu. Usiondoke hivi."

Akasimama akafikiri, kwa uungwana tu, asiniache nimenyoosha mkono. Akasema nauli ya kuja alijilipia mwenyewe kwa kuwa safari ilikuwa yake, ila ya kurudi ninaweza kuitoa. Akanihesabia kwa vidole vyake vyenye makovu. Basi mpaka Shinyanga mjini elfu kumi na saba. Gari ya kwenda Mhunze elfu tano. Pikipiki ya kumfikisha nyumbani elfu mbili na mia tano. Nikampa elfu ishirini na tano, akafungua pindo la khanga, akatoa sarafu, akanirudishia mia tano yangu mezani. Kwa hiyo nikiulizwa ile kazi ilinigharimu kiasi gani mwisho wa yote, jibu ninalo, na nimelihakikisha: shilingi elfu ishirini na nne na mia tano.